Mita Tatu za Rafila

Ukitaka kumchokoza Rafila wa Runcul Vechi, mtajie ukingo wa shamba lake la nyasi. Atakutazama kwanza kwa lile jicho lake zima, halafu atakuuliza umekuja kununua maziwa au kutafuta maneno. Kijiji kizima kilimchokoza hivyo kwa miaka minne, na kiranja wao alikuwa Toader, binamu wa marehemu mumewe, ambaye shamba lake la nyasi linapakana na la Rafila huko juu mlimani.

"Shemeji," Toader angesema akiegemea uzio, "hizo nyasi zako zinangoja pensheni?"

"Zinangoja wewe uzeeke, uache mdomo."

"Basi zitaoza!"

Kwetu milimani nyasi ndiyo maisha. Ng'ombe hula zilizokaushwa kuanzia theluji ya kwanza mpaka Pasaka, kwa hiyo ikifika sikukuu ya Mtakatifu Petro, mwishoni mwa Juni, kila mwenye mikono yuko mteremkoni na mundu wa mpini mrefu, pembe ya maji yenye kinoo ikining'inia kiunoni. Na mkataji hapimwi katikati ya shamba. Katikati hata mlevi anaweza. Anapimwa pembeni, kwenye uzio, kwenye mawe, kwenye mashina ya miplamu. Shamba likiachwa na manyoya pembeni, watu wanajua ni la mvivu, au la mjane asiye na mtu. Rafila mjane alikuwa, tena wa miaka sabini na mmoja, lakini uvivu hakuujua hata kwa jina.

Chanzo cha yote ni karatasi. Miaka minne nyuma mhandisi wa kilimo kutoka ofisi ya malipo mjini, binti mwembamba aitwaye Leontina, alipanda mpaka kijijini na mkoba wake. Serikali, alisema, inawalipa wakulima wasiotia shambani mbolea ya dukani wala dawa za kuua wadudu. Watu wa Runcul Vechi walitazamana. Hapakuwa na aliyewahi kupata hela ya kununua mbolea ya dukani. Wakasaini wote siku hiyo hiyo, na Toader akatangaza kwamba hii ndiyo serikali ya kwanza kuipenda maishani mwake, maana inamlipa mtu kwa ufukara wake mwenyewe.

Lakini mkobani mlikuwa na karatasi ya pili, ya ndege, na hiyo mhandisi aliitoa nyumbani kwa Rafila, wengine wakiwa wameshasaini na kwenda zao. Yuko ndege wetu wa nyasini, kristei, wa kahawia, si mkubwa kuliko ngumi mbili, anayetaga chini na kulia kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya chanuo. Watu humsikia maisha yao yote wasimwone. Duniani anapungua, alisema mhandisi. Atakayesaini asikate nyasi zake mpaka Agosti iingie, na akikata aache pembeni mita tatu bila kugusa, ili vifaranga wapate pa kukimbilia. Kwa hilo malipo yanakuwa karibu maradufu, kwa miaka mitano. Mtu mwingine angeguna. Kungoja Agosti ni kungoja nyasi ziwe kuni. Na hizo mita tatu za pembeni, si aibu hiyo?

Rafila alisaini, peke yake kijiji kizima. Kwanza alihitaji hizo lei, pesa za kwetu, hilo hakulificha. Pili alimkumbuka Gavril. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache na mundu mrefu, na kila alipoona kiota nyasini alichomeka kijiti kando yake, akakizunguka, akaendelea na kazi bila kusema lolote. Miaka arobaini na miwili walikata nyasi pamoja, yeye mbele, mkewe nyuma na reki, na Rafila alimpenda mtu yule mpaka leo anamwekea kikombe mezani kwa kusahau. Karatasi ya mhandisi aliiona kama kitu ambacho Gavril angekisaini bila kukisoma.

"Serikali inanilipa nisikate," aliwaambia watu.

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nani aliwahi kusikia mtu analipwa asifanye kazi, ukiwaacha wale wakubwa wa serikali walioko Bukureshti? Wakaafikiana, kwa sauti za chini na kwa huruma ya kweli, kwamba maskini Rafila anaficha. Tangu azikwe Gavril nguvu za kumaliza pembeni hana, kuomba hataki, basi ametunga serikali. Naye kwa kiburi chake hakuwaonyesha karatasi. Kwa nini awaonyeshe? Yeye si mwongo.

Sasa yuko Domnica, binti yake wa pekee. Domnica yuko Turin mwaka wa kumi na tisa, anamtunza bibi mmoja wa Kiitaliano. Anamwosha, anamlisha, anamsomea gazeti. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anapiga simu, na tangu baba yake afe, kila Jumapili neno ni lile lile.

"Mama, njoo tukae wote. Unafanya nini huko peke yako?"

"Nina Dumana."

"Dumana ni ng'ombe, mama."

"Lakini hanipigii kelele."

Mwishowe walikubaliana. Maadamu malipo ya shamba yanaingia na Rafila haombi mtu, atabaki. Siku yakikatika, atamuuza Dumana, atafunga mlango, atapanda basi kwenda Turin. Rafila aliapa, na akiapa huwa ameapa. Turin aliiona mara moja, wiki tatu, chumba kimoja ghorofa ya sita, watu wakiingia kwenye lifti na kutazama viatu vyao. Alisalimia kila mtu kwa siku nne. Siku ya tano akaacha, na hilo ndilo lililomtisha.

Mwaka huu, mwaka wa nne wa karatasi, mtoto wa jicho akamzidi. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga ukungu kama dirisha la jikoni wakati wa kuchemsha jamu, na katikati ya Julai akaitwa hospitali ya jiji kupasuliwa. Alidhani ni siku mbili. Daktari akakuta sukari iko juu, akasema hapasuliwi mtu hapa mpaka ishuke. Siku kumi na moja akalala huko akila supu isiyo na chumvi. Saveta, mke wa Toader, alimkamua Dumana asubuhi na jioni na kumtumia salamu kwa simu ya padri.

Alirudi tarehe ishirini na saba. Basi lilimshusha darajani mchana, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita akaona dunia kwa macho mawili. Akaona rangi ya mabati ya kanisa. Akaona majani ya mplamu wa padri, moja moja. Akainua kichwa kutazama juu mlimani, na kitu alichokiona vizuri kuliko vyote ni shamba lake, limenyolewa kutoka uzio hadi uzio, laini kama shavu la bwana harusi, na marundo matano ya nyasi kavu yamesimama katikati. Pembeni hapakuwa na hata unyasi mmoja. Akakalia kibegi chake palepale darajani.

Alipofika nyumbani walikuwa wanamsubiri getini. Toader amevaa kofia ya Jumapili. Saveta ameshika sufuria ya ugali na jibini imefunikwa kitambaa. Nyuma yao wengine na wake zao, na Simion mwenye mgongo mbovu ameegemea fimbo, na chupa ya pombe ya plamu imeshapita mara moja.

"Usiseme kitu, shemeji," alisema Toader, na ilionekana amelifanyia mazoezi. "Mtu akilazwa, anakatiwa. Ndivyo walivyofanya baba zetu. Tulikuwa kumi na mmoja. Saa kumi alfajiri tulikuwa juu."

"Hata mimi," alisema Simion.

"Hata Simion! Tulimwambia kaa, akakataa. Sasa haketi wala halali, lakini alikata." Toader akakohoa. "Na pembeni, shemeji. Kile kichaka chako. Nilisema, huyu mtu yuko hospitali, akirudi akute watu wamemwachia manyoya kama hana ndugu? Nenda ukapapase kwa mkono. Simion kapita na mundu mdogo mpaka katikati ya mawe."

"Na ndege?" aliuliza Rafila.

"Yule mkwaruzaji? Amehamia kwangu na watoto wake weusi, saba sijui wanane. Nilitulia na mundu hewani mpaka wakapita, wanakimbia kama wana deni. Mimi kwangu sijakata bado, tulianza na kwako."

Walianza na kwake. Julai ile ya mvua siku mbili, jua siku moja, kila mtu na nyasi zake zimesimama, walianza na kwake. Rafila aliwatazama mmoja mmoja kwa jicho jipya, akaona mikunjo ambayo hakujua wanayo, akaona walivyozeeka wote na walivyofurahi, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa akalia. Wao wakadhani ni furaha. Na furaha ilikuwemo, tena tele, ndiyo maana alishindwa kujizuia. Angekuwa na hasira tu ingekuwa rahisi.

"Mungu awalipe," alisema. "Ingieni mle."

Habari ya mkataba hakuigusa. Siku tano alikaa na siri ile kifuani, akitembea nayo zizini na bustanini. Alijua mkataba wake kwa moyo kama sala: kukata kabla ya Agosti ni kosa, kugusa ukingo ni kosa. Alihesabu Jumapili zilizobaki. Alimkuna Dumana katikati ya pembe na kumwomba radhi mapema.

Mhandisi Leontina alikuja tarehe pili Agosti, na kifaa chake cha kupimia na buti za mpira. Alisimama chini ya shamba, akatazama juu. Alimpenda kikongwe huyu. Kwenye mafunzo yake mjini alimtolea mfano, bila kumtaja jina, kama mkulima wa mfano wa wilaya.

"Mama Rafila, nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa hospitali. Uliniandikia mwenyewe."

"Nilikata kabla sijaenda."

"Na hilo jicho?"

"Nilikata kwa kupapasa."

Leontina aling'ata midomo asicheke, kisha machozi yakataka kumtoka badala ya kicheko. Akafungua mkoba.

"Nisikilize, mama. Njia ipo. Kama watu wameingia shambani mwako bila ruhusa wakati umelazwa, hilo si kosa lako. Tunaandika maelezo. Wao wanasaini, majina yao, kwamba waliingia na kukata bila idhini ya mwenye shamba. Naambatanisha cheti cha hospitali. Faili lako linapona, malipo yanaingia kama kawaida."

"Wao watapigwa faini?"

"Pengine hapana. Pengine onyo. Siwezi kuahidi. Lakini wewe utapona."

Hapo ndipo uzio ulipoguna. Toader alikuwa upande wa pili muda wote, na mundu mkononi, akijifanya ananoa. Alikuwa amevua kofia, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Kumbe kweli walikuwa wanakulipa usikate."

"Nilikwambia mara mia."

"Nilidhani unajikaza tu, shemeji. Sote tulidhani." Aliruka uzio kwa shida, mzee wa miaka sitini na nane, akaacha kipande cha suruali kwenye msumari. "Binti, leta hiyo karatasi. Nasaini. Na hao kumi nawaleta mmoja mmoja, Simion nambeba mgongoni."

"Husaini," alisema Rafila.

"Nasaini mara mbili!"

"Toader, husaini kitu kwenye shamba langu."

"Wewe mwanamke, unataka ukalale ghorofani na Waitaliano? Nani asiyejua mapatano yako na Domnica? Saveta ananiambia kila kitu. Ng'ombe utamuuza! Acha nisaini, ni wino tu!"

"Si wino tu." Rafila akamshika mkono Leontina. "Watu waniamkie saa kumi alfajiri. Waache nyasi zao na mvua inakuja. Simion aumie mgongo. Halafu mimi niwape karatasi waandike kwamba waliniingilia? Ikae huko mjini kwenye kabati, na majina yao, kwamba hawa ni watu waliomkosea Rafila? Hapana, mwanangu. Andika nimekata mimi. Kama huwezi, andika zimekatwa, basi."

Leontina alisimama na kalamu hewani. Toader alimtazama mjane wa binamu yake, akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mtu yule hilo lilikuwa jambo la kuandikwa kwenye kalenda. Kisha akaketi chini kwenye visiki vya nyasi alizokata mwenyewe na kulia bila kuficha, kofia mapajani.

"Tumekumaliza, shemeji. Tumekumaliza kwa mikono yetu."

"Nyamaza," alisema Rafila, akaketi kando yake. "Mmekata vizuri. Gavril mwenyewe asingekata vile."

Mhandisi aliandika kwamba nyasi zilikatwa kabla ya wakati na kwamba mwenye shamba amekiri. Malipo ya mwaka huo yakaondoka yote. Mkataba ukabaki, mwaka mmoja tena, kama atauheshimu. Wakati anashuka Leontina aligeuka mara tatu kutazama nyuma.

Jumapili ikaja. Rafila alikula viazi vyake, akaosha sahani, akaketi kwenye kiti karibu na simu, amejifunga kitambaa safi kama anayekwenda kanisani. Simu ilipolia hakuiacha ilie mara ya pili.

"Domnica. Malipo hayapo mwaka huu."

"Kimetokea nini?"

Akamweleza. Hakupunguza wala kuongeza, isipokuwa pale kwa Toader kulia, hapo aliruka. Alieleza hospitali, daraja, ugali wa Saveta, karatasi ambayo hakutaka isainiwe. Alipomaliza akavuta pumzi.

"Kwa hiyo nimeapa, na neno langu ni lile lile. Wiki hii nitaongea na mnunuzi. Unitafutie tu siku ya basi."

"Walikuwa wangapi, mama?"

"Nani?"

"Waliokukatia."

"Kumi na mmoja."

"Nitajie."

Rafila alishangaa, lakini akataja. Toader. Simion mwenye mgongo. Pamfil wa darajani. Vasile wa kinu na wakwe zake wawili. Padri, ndiyo, padri naye, kanzu kaikunja kiunoni. Ilarie, yule aliyekuwa anakufuata shuleni. Akaendelea mpaka wa kumi na mmoja. Kwenye simu akasikia pumzi ya mtu anayelia na hataki kusikika.

"Domnica? Mwanangu, usilie, nimesema nitakuja."

"Mama, mwaka juzi Novemba nililazwa. Nyongo. Siku nane."

Rafila alisimama, kisha akaketi tena.

"Hukuniambia."

"Bibi alinitumia machungwa mawili kwa teksi, Mungu ambariki, hawezi kutembea. Hakuja mtu mwingine. Niliporudi, jirani wa mlango wa pili aliniuliza likizo nilikwenda wapi."

Nje Dumana alilia zizini, maana saa yake ya maji ilikuwa imepita. Rafila hakumsikia. Alikuwa amebana simu sikioni kwa mikono yote miwili, na kwa miaka yote aliyomwogopa binti huyu na mapatano yake, hakuwahi kufikiri kwamba aliyekuwa peke yake hakuwa yeye.

"Usimuuze ng'ombe, mama," alisema Domnica. "Nisamehe. Usimuuze."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningekuja. Kwa miguu ningekuja." Sauti yake ilikuwa kali, kama zamani alipomfokea kwa kurudi amelowa. "Toader bado hajakata kwake, anahitaji watu wa reki, wiki mbili hizi. Njoo."

"Sina likizo mpaka Krismasi. Itabidi nimwombe bibi, na wanawe, na sijui nitawaambia nini."

"Waambie una kwenu."